Django (ya Python) au Express (ya JavaScript), kwa anayejifunza mwenyewe kutengeneza programu za wavuti?

Kama programu yako ina akaunti za watumiaji na data zinazohusiana, chukua Django. Kuingia kwa nywila, ukurasa wa msimamizi na kinga ya CSRF (hila ya tovuti nyingine kutuma maombi kwa jina la mtumiaji wako) vinakuja tayari. Kwa Express utaviunganisha mwenyewe kimoja kimoja, na hapo ndipo mianya ya usalama hubaki. Ila usisahau hili: tengeneza modeli yako ya mtumiaji (darasa linaloeleza jedwali la watumiaji) na uitaje kwenye mpangilio wa AUTH_USER_MODEL kabla ya kuendesha `migrate` ya kwanza, amri inayounda majedwali ya hifadhidata. Ukichelewa utahangaika kweli, maana majedwali mengine yameshafungamana na lile la zamani la watumiaji. Hifadhidata, anza na SQLite, inatosha. Ukiona "database is locked" mara kwa mara, hamia PostgreSQL: SQLite huruhusu uandishi mmoja tu wa data kwa wakati.