Kuhusu ile kiti uliniuliza

Mwanangu,

Nimesikia ile sauti ulituma WhatsApp. Unataka kujua kama nitakubali chama kiweke jina langu kwa orodha, niwe MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, wa kuteuliwa 2027 upande wa watu wenye ulemavu, na eti nisikuzungushe. Ngoja kwanza nikupe hii, maana wakati huo ulikuwa shule ya bweni na hujawahi kuisikia yote.

Kaunti zikiwa bado changa tuliitwa kutoa maoni ya bajeti hapa Kisumu, na sisi kina mama wa kikundi tulikuwa na jambo moja tu, kitanda cha kujifungulia kinachoshuka. Vile vya leba ni virefu, mtu wa magongo hapandi. Si unajua vile wewe ulizaliwa, nesi amesimama ananiuliza nani alinipa hiyo mimba badala ya kunishika mkono. Shangazi yako akikumbuka hutukana mpaka leo. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2008, na kifungu cha 6 kinasema wanawake wenye ulemavu hubaguliwa kwa njia nyingi kwa mpigo, nilipokisoma nikamwona yule nesi, maana hakuniuliza vile kwa sababu ya miguu peke yake wala kwa sababu ya uanamke peke yake.

Basi tukafika, mkutano uko orofa ya pili, lifti imekufa. Askari, kijana mpole tu, akainama mbele yangu, "Mathe, panda mgongo nikupeleke." Mimi na rinda langu la kanisani nipandishwe kama gunia la omena watu wakichungulia! Nikakaa kwa ngazi ya kwanza, wenzangu wakakaa, na mwenye kutaka kupita hatukumpisha. Wakatuteremshia soda na mandazi wakidhani ni njaa, tukala, hatukutoka. Mwishowe wakashuka wao, bwana mmoja wa tai amejibebea kiti cha plastiki kichwani, ile picha bado hunichekesha nikiwa peke yangu jikoni. Wa kwanza kuongea alikuwa yule mama wa Manyatta asiyesikia, binti yake akitafsiri ishara, akasema amechoka daktari kumwuliza mtoto habari za tumbo la mamake. Hakuna aliyekohoa. Kitanda kilikuja, kimoja, tena kikalala stoo kwanza.

Ndio maana husema usikubali kubebwa. Wakikubeba leo ngazi inabaki pale pale, na kesho mwenzako atatafuta mgongo wake.

Sasa hii kiti si ni mgongo tu? Chama ndicho kinaandika jina, chama ndicho kinapeleka kwa tume ya uchaguzi, IEBC, hakuna mtu wa wadi amekupigia kura, na wengine wakishaingia wananyamaza miaka yote mitano kwa sababu aliyewabeba anaweza kuwatua. Lakini tena najijibu, we mama acha, hiyo ni Katiba ya 2010, kifungu cha 177 kimetutaja kwa bunge la kaunti, na cha 54 kinataka angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa wawe sisi, hata kama ni pole pole. Kitu chako ukipewa, hapo umebebwa wapi? Crystal Asige mwenye ulemavu wa macho si aliteuliwa tu Seneti 2022, na mswada wake ndio umekuwa sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025, tukaachana na ile ya 2003 tuliyozeeka nayo? Angesema hataki kubebwa tungekuwa bado tunaimba. Halafu nasema sawa, lakini yeye alikuwa na wa kumsikiliza hata kabla ya Seneti. Halafu nasema na wale kina mama kwa ngazi walinisikiliza kwa sababu ya nini?

Usikubali kubebwa, bado nasema. Ila hapa sioni vizuri nani anambeba nani, na najua ungetaka ndio au hapana, hata mimi iko hapa kwa ulimi lakini siitoi kabla kikundi hakijakaa Jumamosi, maana nikikubali peke yangu nitakuwa nimepanda nikawaacha chini.

Usimpigie babako umwulize, hajui. Na ukija niletee zile raba za chini ya magongo, za huku zinaisha haraka.

Mamako