Usisaini hiyo hati ya mapokezi, mdogo wangu

Mdogo wangu, weka pembeni kwanza habari ya kujiamini na ya kuhama kituo. Umesema umeajiriwa mwaka huu, uko shule ya kijijini huko Chamwino, Dodoma, umeingizwa kwenye kamati ya mapokezi, ile inayohesabu vifaa vya ujenzi vinapofika, na mkuu wako anataka usaini kwamba saruji yote imeingia stoo wakati wewe umeona pungufu. Unauliza uushindeje uoga. Nakwambia usisaini. Uoga tutauongelea baadaye.

Mimi nilisaini. Ilikuwa upande wa Bahi, shule inajenga madarasa kwa fosi akaunti, yaani inanunua vifaa na kumlipa fundi yenyewe bila mkandarasi. Hati iliandikwa mifuko 200, stoo ilikuwa na 120. Mwalimu mmoja mkongwe, mtu niliyemheshimu na kumwita kaka, akanivuta pembeni: "Saini, hiyo ni karatasi tu. Mingine inakuja na gari la kesho. Au unataka uonekane unajua kuliko waliokutangulia?"

Maneno yale yalinikuta pabaya. Nimekulia kwenye nyumba ya kulima uwele na kuchunga, wa kwanza katika ukoo kushika mshahara wa serikali. Nikajiambia: mtoto wa kwetu ni nani hata amkatalie mkuu? Nikikataa nitafukuzwa, na mama atarudi kukopa mahindi. Hakuna aliyenitishia kunifukuza. Niliyatunga mwenyewe nikayaamini, nikashika kalamu.

Gari la kesho halikuja. Fundi akabana saruji, sakafu ikaanza kuchimbika kwa ufagio kabla watoto hawajamaliza mwaka ndani yake. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri akafungua leja, akakuta jina langu. Yule kaka? Akasema yeye si mjumbe wa kamati, hajui lolote. Na kweli, hakuwa amesaini popote! Aliyekuwa na uhakika kwamba ile ni karatasi tu hakuweka hata nukta yake juu yake. Mpaka leo nikimkumbuka nachemka, na anayekushauri wewe sasa hivi muulize jambo moja tu: sahihi yake iko wapi?

Kuhojiwa na kuandika maelezo nilivumilia. Kilichoniumiza ni mkutano wa kijiji. Wananchi wale walisomba mawe na mchanga kwa nguvu zao, akina mama wakabeba maji ya ujenzi kichwani katika nchi hii ambayo maji unayafuata mbali. Mzee mmoja akanyanyua nakala ya hati: "Mwalimu, hii sahihi ni yako?" Nikasema ndiyo. Akakaa, hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watoto wao uraia. Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya darasa na mada ilikuwa uwajibikaji, sauti haikutoka.

Sasa pima hofu yako kwa sheria, usiipime kwa sura ya mkuu. Mkuu wa shule anaweza kukupa onyo au karipio. Kukufukuza si kazi yake. Mambo ya nidhamu yenye uzito huo yako kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, na huko unapewa mashtaka kwa maandishi, unajitetea, na ukionewa unakata rufaa. Ila ukisaini uongo, hatari inakuwa ya kweli: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 22, inahusu hasa nyaraka za kumdanganya mwajiri. Unaona ulivyogeuziwa? Unaogopa kukataa, wakati cha kuogopa ni kukubali.

Na wanaokwambia ujijenge kwanza mbele ya kioo hadi ujiamini wanakuchelewesha, maana lori halitakusubiri. Nilipokataa kwa mara ya kwanza, kituo kingine, mkono ulitetemeka hadi tarakimu zikapinda. Niliandika chini ya hati: "Nimehesabu mifuko 85, si 100." Nikatia tarehe na jina. Mkuu alininunia muhula mzima. Basi, hakuna kingine kilichotokea, na mifuko iliyobaki ililetwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usibishane, usimwite mtu mwizi, maana hujui nani kala na nani kadanganywa. Hesabu mfuko mmoja mmoja mbele ya mjumbe mwenzako. Andika namba uliyoihesabu kwa mkono wako, piga picha hati kwa simu. Wakikulazimisha, mwombe mkuu akupe agizo hilo kwa maandishi. Wengi huishia hapo. Wakizidi, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea simu bure kwa 113, na kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2015.

Umesema gari lingine linashusha Jumatatu. Wahi stoo kabla halijafika, na ukishaandika hesabu yako rudi hapa utuambie mkuu amejibu nini.