Fistula ya kibofu na mji wa mimba: kwa wanaoanza kazi wodini

Ukianza kazi wodi ya fistula utazoea haraka kumtambua mgonjwa kwa kanga iliyolowa. Kwa fistula, yaani tundu lisilo la kawaida, iliyo kati ya kibofu na mji wa mimba, mazoea hayo yanaweza kukupotosha. Wengi wa wagonjwa hawa walijifungua kwa operesheni, na baadhi yao ni wakavu kabisa: wanabana mkojo vizuri, hawanuki, ila kila mwezi wanakojoa damu na hedhi haipiti ukeni.

Kinachoamua ni mahali lilipo tundu. Juu kidogo ya mlango wa kizazi, mji wa mimba una sehemu nyembamba inayobana. Tundu likiwa juu ya sehemu hiyo, damu ya hedhi huingia kibofuni lakini mkojo hauteremki ukeni. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1957 na Youssef, daktari wa Misri, na hadi leo vitabu vinaiita kwa jina lake. Tundu likiwa chini, au mlango wa kizazi ukiwa umechanika na kulegea, mkojo huvuja ukeni na hedhi hufuata njia yake ya kawaida. Wapo pia wanaopata hedhi njia zote mbili.

Kwa hiyo anza na maswali, tena faragha, bila mume wala mama mkwe. Alijifunguaje, na hiyo ilikuwa operesheni ya ngapi? Baada ya operesheni, mkojo kwenye mfuko ulikuwa na damu? Kuvuja kulianza lini? Halafu swali ambalo wengi wanaona haya kuliuliza: "Ukiwa kwenye siku zako, damu inachafua pedi au unaiona unapokojoa tu?" Mpe muda ajibu. Kanda ya Ziwa mkojo wenye damu hufikiriwa kichocho kwanza, na mama anaweza kumezeshwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, kisha antibayotiki za U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo), mara kadhaa bila nafuu. Damu ya kichocho haifuati kalenda ya mwezi, hii inafuata. Kumbuka pia kwamba mama anayenyonyesha au aliyechoma sindano ya uzazi wa mpango anaweza asione siku zake kwa miezi mingi, kwa hiyo dalili hujitokeza muda mrefu baada ya kujifungua na hakuna anayeihusisha tena na operesheni.

Kipimo cha rangi ndicho kinachotuokoa mahali pasipo na mashine kubwa, na ndicho kinachoharibiwa zaidi kwa haraka. Mpime mimba kwanza, maana mama huyu huenda haoni hedhi. Mlaze chali, miguu juu, mwanga wa kutosha. Ingiza mpira wa mkojo namba 16, kisha weka gozi tatu ukeni, moja juu ya nyingine. Changanya rangi ya methilini bluu kidogo kwenye maji ya drip ya chumvi mpaka yawe bluu hafifu. Ukiyakoleza, tone moja litachafua kila kitu na hutajua limetoka wapi. Jaza kibofu taratibu kwa mililita 200 hivi, bana mpira, mwambie akohoe, kisha atembee dakika 10 hadi 15.

Soma gozi kwa mpangilio. Ya chini peke yake ikiwa bluu, huenda rangi imepita pembeni ya mpira; rudia. Ya juu ikiwa bluu, usikimbilie kuandika: tundu la ukuta wa uke lililo juu nalo huchafua gozi hiyo. Weka spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, pangusa mlango wa kizazi mpaka ukauke, jaza kibofu tena, utazame. Tone la bluu likichomoza katikati ya mlango wa kizazi, umepata jibu. Gozi ya juu ikilowa maji yasiyo na rangi, shuku mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Fanya ultrasaundi ya figo siku hiyohiyo: mrija ulioziba unaweza kuua figo kimyakimya.

Gozi zote zikiwa nyeupe kwa mama mkavu, usiandike "hana fistula". Tundu la juu halipitishi rangi kuelekea chini, kwa hiyo geuza kipimo: kwa usafi wa upasuaji, pitisha mpira mwembamba wa mtoto kwenye mlango wa kizazi, ingiza polepole mililita 10 za maji ya bluu kwenye mji wa mimba, na tazama mpira wa kibofu. Mkojo ukigeuka bluu, imethibitika. Palipo na sistoskopi, kamera ya kutazama ndani ya kibofu, tundu huonekana ukuta wa nyuma wa kibofu, kwa kawaida juu ya matundu ya mirija ya figo. Pima umbali kati ya tundu na matundu hayo ya mirija, kwa sababu ndio utakaoamua kama mirija hiyo iwekewe vijiti vya kinga wakati wa upasuaji. Eksirei ya mji wa mimba kwa dawa ya kung'arisha ipigwe pia kutoka ubavuni, la sivyo kibofu na mji wa mimba vinafunikana kwenye picha.

Ukigundua katika wiki za mwanzo na tundu ni dogo, weka mpira wa mkojo wiki 4 hadi 6, uwe wazi muda wote, mama anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe. Kwa mama mkavu, dawa za homoni za kusimamisha hedhi kwa miezi kadhaa humpa tundu nafasi ya kufunga. Wanaopona bila kisu ni wachache, waambie ukweli huo mapema.

Upasuaji husubiri miezi 3 hivi, uvimbe uishe na mji wa mimba urudi kwenye ukubwa wake. Tundu la chini sana hufikiwa kupitia ukeni; mengi hufunguliwa tumboni. Kazi ngumu ni kutenganisha kibofu na mji wa mimba palipogandamana kwenye kovu. Tumia mkasi, si kidole: kidole hufuata palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni ukuta wa kibofu. Kama huoni mpaka, fungua kibofu kwa juu ufanye kazi ukiona ndani. Endelea kutenganisha mpaka sentimita 1 hadi 2 kupita tundu kila upande, ufunge mji wa mimba peke yake na kibofu peke yake kwa uzi wa kuyeyuka, bila mvuto, kisha jaza kibofu rangi kuhakikisha hakivuji. Katikati weka kipande cha pazia la mafuta la tumboni. Mishono miwili ikigusana bila kitu katikati, fistula inaweza kurudi.

Baada ya hapo kila kitu kiko mikononi mwa muuguzi. Mpira hukaa siku 14 hivi. Ukiziba kwa bonge la damu usiku, kibofu hujaa na mshono huachia kabla ya asubuhi. Siku mbili za mwanzo tazama mfuko kila saa. Mkojo usipoongezeka, kagua kama mpira umekunjwa au mama ameulalia, kisha safisha kwa mililita 20 hadi 30 za maji ya chumvi bila kusukuma kwa nguvu. Mfundishe mama na ndugu anayemuuguza: shuka likilowa, wakuite, wasibadilishe tu shuka.

Na ukiwa wewe ndiye unayefanya operesheni ya uzazi, teremsha kibofu vya kutosha kabla ya kukata. Mkato ukichanika pembeni, ona mwisho wa mchaniko kabla ya kushona. Ukiona damu kwenye mfuko wa mkojo, jaza kibofu rangi kabla hujafunga tumbo. Tundu linaloshonwa saa hiyohiyo hupona vizuri.

Kabla ya kumruhusu aliyerekebishwa, mwandikie kwenye kadi: asikutane na mume miezi 3, apange uzazi walau mwaka 1, mimba ijayo ahudhurie kliniki mapema na ajifungue kwa operesheni iliyopangwa, hospitali yenye daktari mzoefu. Andika pia kibofu kilishonwa wapi, kwa sababu atakayempasua huenda hajawahi kumwona.