Kisu butu ndicho kinachotufanya tununue vifaa

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama vifaa vipya vya kukatia jikoni, vile vinavyoahidi kukata kitunguu kizima kwa mkandamizo mmoja au kugeuza karoti kuwa nyuzi kwa kuzungusha mpini, vinastahili nafasi vinayochukua kabatini, au kama kisu cha kawaida na kifaa cha kumenyea vinatosha. Nimepika kwa zaidi ya miaka 20, minne kati ya hiyo nikiwa katika jiko la mgahawa ambako kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuandaa mboga, na jibu langu ni kwamba wengi wetu tunaponunua vifaa hivyo huwa tunakikimbia kisu butu. Kisu hicho hicho kikinolewa ipasavyo, haja ya kifaa mara nyingi huondoka yenyewe.

Kifaa nilichokijua kwa karibu zaidi kilikuwa kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cha bawaba na wavu wa vyuma vyembamba vyenye makali, vilivyopishana na kuacha matundu ya mraba. Unaweka nusu ya kitunguu juu ya wavu, unakandamiza kifuniko, na vipande vinaanguka chini vikiwa vimelingana. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nami kwa wiki kadhaa nilikipenda kwa dhati. Karoti ndiyo iliyonionyesha upande wake wa pili, kwa kuwa ilinibidi nikilalie kisanduku kwa mikono miwili hadi meza ikatikisika, na mwezi wa tatu bawaba ikapasuka. Hata vitunguu vilivyokatika vizuri viliacha ngozi zao zikiwa zimenasa katika meno ya kifuniko, moja moja, nikizitoa kwa ncha ya kijiti. Siku niliyojikata kidole cha shahada sikuwa nakata kitu, nilikuwa nasafisha wavu kwa sifongo iliyolowa.

Sababu ya karoti kukataa si uhafifu wa plastiki peke yake. Chukua wavu wenye upande wa sentimita 8 na matundu ya sentimita 1: una vyuma 7 kwenda mbele na 7 kwenda kando, yaani zaidi ya mita moja ya makali. Ukiujaza wavu huo, mkono wako unatakiwa kuyasukuma makali yote hayo kwa wakati mmoja, tena kwa kukandamiza tu. Kisu hugusa karoti kwa sentimita chache kila mara, na mkono unaojua kazi hukisukuma mbele kinaposhuka, kwa hiyo makali huteleza huku yakikata. Tofauti ya kuteleza na kukandamiza inaonekana wazi kwenye nyanya iliyoiva, ambayo ngozi yake hubonyea ukiikandamiza lakini hufunguka mara moja ukivuta kisu juu yake. Zaidi ya hayo, kila chuma cha wavu kina unene wake, na vipande vigumu hubanwa baina ya vyuma kabla ya kutoka. Makali ya wavu yakichoka hakuna la kufanya, maana kinoo hakiwezi kufika ndani ya matundu, na kifaa kizima kinakuwa takataka kwa sababu ya uchakavu ambao kwenye kisu ungeondolewa kwa dakika 10.

Biashara hii ina umri mrefu kuliko tunavyodhani. Nchini Marekani, Ron Popeil alijulikana tangu miaka ya 1960 kwa kuuza kupitia televisheni kifaa cha kukatia mboga kilichobuniwa na baba yake, Samuel Popeil, kilichoitwa Veg-O-Matic. Ninayaheshimu maonyesho ya namna hiyo kama kazi ya mtu hodari, lakini ningeomba kila anayeyatazama aangalie mambo mawili: mboga zinazotumika ni mbichi, laini na za ukubwa unaolingana na kifaa, na kipindi huisha kabla ya kifaa kuoshwa.

Sasa nirudi kwenye kisu butu, kwa kuwa hapo ndipo penye shida yenyewe. Kisu butu hakimwachi mtu aongoze. Huteleza juu ya ngozi ya kitunguu na kumlazimisha mkataji aongeze nguvu, na nguvu hiyo ikishapata upenyo hakuna wa kuizuia isifike kwenye kidole. Machozi nayo huongezeka. Seli za kitunguu zinapopasuliwa, vimeng'enya vyake hukutana na viini vyenye salfa na kutengeneza kemikali inayowasha macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha mwaka 2025 matokeo ya majaribio ya kukata vitunguu huku wakirekodi kwa kamera ya kasi kubwa, wakaona kwamba makali butu hurusha matone mengi zaidi na kwa kasi zaidi, kwa sababu tabaka la nje hubonyezwa na kujikunja kwanza, msukumo ukajikusanya ndani, ndipo likapasuka kwa ghafula. Basi mtu anayenunua kisanduku cha kukatia ili asilie angeweza kupata nafuu kubwa kwa kunoa kisu na kukata taratibu.

Mpwa wangu wa miaka 13 alipokuja kunisaidia kupika, swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mjomba, kile kisanduku cha kukatia kiko wapi?" Nilimpa kisu cha sentimita 20 nilichokuwa nimekinoa usiku uliotangulia, nikamwonyesha namna ya kukunja vidole vya mkono wa kushoto ili pingili ziguse bapa la kisu na kucha zirudi nyuma, kidole gumba kikiwa kimejificha. Alikipasua kitunguu kutoka kitako hadi kichwa, akakilaza upande wa bapa, akakata mistari kuelekea kwenye kitako bila kukifikia, kisha akakatiza kwa kukingama. Alikata polepole sana, na mimi sikumharakisha. Vipande vilipoanza kudondoka alisimamisha kisu, akauliza, "Mjomba, mbona kilichobaki hakisambaratiki?" Nikamwambia kitako cha mizizi ndicho kimeshika matabaka yote, ndiyo maana hukatwa mwisho. Alirudi kwenye nusu ya pili bila kuambiwa. Kisanduku kingempa vipande vile vile, lakini kisingempa swali hilo, na kesho yake kisingemsaidia kukata kabichi, nyama au tangawizi.

Hata hivyo nisieleweke kuwa napinga kila kitu kilichobuniwa. Kifaa cha kumenyea tunachokiita cha kawaida kilikuwa kipya siku moja, tena kilitanguliwa na mashine za ajabu. Moses Coates wa Pennsylvania alipata hataza ya mashine ya kumenyea tufaha mwaka 1803, na katika karne ile Wamarekani waliendelea kubuni nyingine nyingi za chuma, zenye mipini ya kuzungusha na meno ya gia, ambazo zilifaa zaidi kwa tufaha la duara. Kisha Alfred Neweczerzal, mbunifu wa Uswisi, akasajili mwaka 1947 kifaa alichokiita Rex: utepe wa alumini uliokunjwa kama herufi U, na katikati ya ncha zake wembe unaocheza. Uswisi ilikiweka kwenye stempu ya posta mwaka 2004, na naona kilistahili. Ukikishika na kukipitisha juu ya kiazi utaona wembe ukijiinamisha wenyewe kufuata mabonde na vilima vya kiazi, huku ufa ulio katikati yake ukipima unene wa ganda, hivyo mkono hauna kazi ya kukadiria pembe. Kisu hakiwezi kufanya hivyo hata mikononi mwa fundi. Nakubali kwa moyo mmoja kifaa cha namna hiyo, kinachofanya jambo ambalo kisu hakiliwezi, na kukifanyia mboga ya umbo lolote.

Lipo pia suala la mikono yenyewe, ambalo mijadala hii hulisahau. Mama yangu ana baridi yabisi, na vidole vyake haviwezi kuushika mpini mwembamba kwa muda mrefu. Vifaa vya OXO, kampuni ya Marekani ya vyombo vya jikoni, vilivyotoka mwaka 1990, vyenye mpini mnene wa mpira laini, vilitokana na hali kama yake: mwanzilishi wake, Sam Farber, alimwona mkewe, Betsey, akitaabika na kifaa cha kumenyea kwa sababu ya ugonjwa wa viungo. Mpini ule ulipendwa hata na watu wenye mikono mizima. Kwa mtu wa aina hii, au kwa anayetumia mkono mmoja tu, ubao wenye misumari ya kushikilia kiazi, kisu kinachobembea na hata kile kisanduku nilichokilalamikia vinaweza kuwa ndiyo tofauti ya kujipikia na kusubiri kupikiwa. Sina haki ya kumwambia anoe kisu.

Vingine nitavipitia haraka. Kifaa cha kukatia mayai kwa nyaya kina maana, kwa sababu uzi wa chuma hauna bapa la kung'ang'ania kiini. Ubao wenye wembe uliolazwa, unaotoa vipande vyembamba kama karatasi, tuliutumia mgahawani karibu kila siku, lakini kwa kishikio cha kulinda vidole pekee, na aliyethubutu bila kishikio aliondolewa kazini siku hiyo. Kibanio cha kitunguu saumu sikioni haja yake: bapa la kisu likigongwa kwa kiganja hupasua ganda na kuponda punje kwa pigo moja.

Anayetaka kuanza anahitaji kisu kimoja kirefu, kingine kidogo, kifaa cha kumenyea, ubao wa mbao au plastiki (kamwe si wa kioo, unaoua makali kwa siku chache) na kinoo cha namba 1000 (namba huonyesha ulaini wa punje zake). Lowesha kinoo kama maelezo yake yanavyotaka, ulaze kisu kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, na usugue upande mmoja kutoka kisigino hadi ncha mpaka utokee uzi mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili. Uhisi kwa kupitisha kidole gumba kutoka bapa kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Ukishaupata uzi huo kote, geuza kisu ufanye vivyo hivyo, kisha malizia kwa misuguo michache myepesi ya kupokezana pande. Wengi hushindwa kwa sababu hugeuza kisu kabla uzi haujatokea, wakaondoka wakiamini kwamba kinoo ni kibovu. Ile fimbo ya chuma inayouzwa pamoja na visu hainoi kisu kilichoisha, kazi yake kubwa ni kunyoosha makali yaliyolala, na ukiitumia kila siku utakipeleka kisu kwenye kinoo mara chache zaidi.

Kinoo changu kina miaka 11. Katikati yake pamechimbika bonde dogo, na kisu kinachonolewa bondeni hupoteza pembe, kwa hiyo kila baada ya miezi michache huchora mistari ya penseli juu yake, nikatandaza msasa wa maji juu ya kioo kinene, na kukisugua mpaka mistari yote ifutike.