Swali la lugha: ni "ndugu" gani waliolinganishwa?

Swali: Natafsiri makala ya afya. Inasema watafiti walilinganisha ndugu ili kujua kama usonji unatokana na vinasaba au mazingira. Je, neno "ndugu" linatosha?

Jibu: Halitoshi, na upungufu wake unagusa maana yenyewe. Kwetu ndugu ni mtoto wa mama yako, mtoto wa ami yako, jirani, hata abiria uliyekaa naye kwenye basi. Utafiti wa aina hii unategemea ukaribu wa damu. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja huchangia, kwa wastani, nusu ya vinasaba; wanaochangia mzazi mmoja, robo; mabinamu, thumuni tu.

Chukua utafiti wa Sweden wa mwaka 2024 kuhusu parasetamoli wakati wa ujauzito, uliohusu watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Walipotazamwa wote kwa jumla, watoto ambao mama zao walitumia dawa hiyo wakiwa wajawazito walionekana kuwa na hatari kubwa kidogo ya usonji. Walipolinganishwa watoto wa wazazi wale wale wawili, dawa ikiwa imetumika katika mimba moja na si katika nyingine, tofauti ikatoweka. Basi kilichodhaniwa ni athari ya dawa kinaelekea kutoka ndani ya familia: vinasaba, maradhi ya mama, hali ya nyumbani. Msomaji akidhani waliolinganishwa ni mabinamu, hoja yote imempita.

Na istilahi tunayo. Wanaogawa mirathi ya Kiislamu wamepambanua zamani: ndugu shakiki (baba mmoja, mama mmoja), ndugu wa kwa baba, ndugu wa kwa mama. Napenda sana "shakiki" litumike katika sayansi, ila kwa msomaji wa kawaida "ndugu wa baba mmoja na mama mmoja" litaeleweka mara moja. "Wa tumbo moja" linamwacha baba nje. "Wa kambo" liepuke kabisa, maana wengine humwita hivyo hata mtoto aliyekuja na mke mpya, asiye na damu moja nawe.

Andika hivi: "Watafiti walilinganisha ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ili kupambanua hatari itokanayo na vinasaba na ile itokanayo na mazingira." Usiandike "ugonjwa wa kurithi" pale makala inaposema hatari tu, kwani mzazi atasoma kwamba mwanawe hana budi kuupata.