Kabla Hujauliza Kamera, Tafuta Salimu Wako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kutengeneza dokumentari ya Arthur Loveridge, yule mtafiti wa vyura na nyoka. Ninunue kamera gani?"

Marahaba. Kamera achana nayo kwanza. Filamu yangu ya Reginald Moreau, Mwingereza aliyechunguza ndege wa Usambara, niliirekodi kwa simu, na juzi tumeionesha Muheza, watu wakajaa hadi madirishani. Nalisema kwa makusudi. Kuna kituo cha televisheni kilichonijibu kwamba hakuna Mtanzania wa kukaa kuangalia ndege na mzungu aliyekufa zamani. Basi hao wa Muheza walikaa, wakauliza maswali mpaka mlinzi akaja na funguo mkononi.

Moreau hakusomea ndege. Alikuwa mkaguzi wa hesabu za jeshi la Uingereza huko Cairo, na mwaka 1928 akaja Amani, huko Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa ya mezani. Ndege aliwafuata kwa mapenzi tu. Leo kuna ndege mdogo wa Usambara Mashariki mwenye jina lake, Artisornis moreaui, na mwingine wa Uluguru aliyepewa jina la mkewe, Winifred.

Ukiishia hapo umetengeneza hotuba. Filamu yangu ilipata uhai nilipokutana na jina la Salimu Asmani, msaidizi wake. Watu kama Salimu tumezoeshwa kuwaona wabeba mizigo, na hilo linaniuma hadi leo. Moreau aliwaajiri wenyeji wakae chini ya viota kutwa, waandike kila kinachotokea. Chukua hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa. Jike hujifungia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa tu. Dume ndiye anayeleta chakula. Kwa msimu mmoja wa kulea, dume amekadiriwa kuleta matunda kama 24,000. Hesabu ya namna hiyo inataka mtu wa kukaa pale, shingo juu, na siafu miguuni.

Kwa hiyo tafuta Salimu wako. Halafu sauti. Pesa ya kamera nunulia kipaza sauti cha kubana kwenye shati, maana nyenje wa Amani wakianza jioni husikii hata unachosema mwenyewe. Mzee mmoja pale nilimuuliza habari za hondohondo. Hakujibu. Alikunja midomo akapuliza, vuu, vuu, vuu, mkono ukipepea polepole, kisha akasema, "Huyu humsikii kwa mdomo. Unamsikia kwa mabawa." Bila kile kipaza sauti ningebaki na picha ya mzee anayepuliza hewa.

Vibali vifuate mapema. Msitu wa Amani ni hifadhi, usiingie kienyeji. Na vijana, acheni kusubiri wafadhili! Acheni kusubiri droni! Simu unayo, wazee wapo, na hawatakungoja.

Wewe wa Morogoro una bahati, Loveridge alikusanya viumbe hapo hapo Uluguru kwenu. Panda vijiji vya juu, uliza kila chura anaitwaje kwa Kiluguru na analia saa ngapi. Mzee akianza kumwigiza, usimkatize.