Usiipime Java ikiwa bado baridi

Mtu akiniambia metodi yake ya Java ni nzito, kwanza namuuliza ameiita mara ngapi kabla ya kupima. Akijibu mara moja, siangalii hata matokeo. Alichopima ni mkalimani tu wa JVM, yaani ile programu inayoendesha msimbo wa Java.

Faili la .class hubeba baitikodi, msimbo wa kati ambao prosesa ya kompyuta yako haiuelewi. JVM huanza kuutafsiri amri kwa amri, huku ikihesabu metodi ipi inaitwa sana na lupu ipi inazunguka sana. Hesabu ikitosha, kompaila ya C1 huitoa metodi hiyo kwa msimbo wa mashine, haraka haraka, ikiacha vihesabio ndani yake. Ikizidi kuitwa, C2, kompaila ya pili, huichukua na kuifanyia kazi nzito ya kuiongezea kasi. Mpangilio huu wa ngazi umekuwa wa kawaida tangu Java 8, mwaka 2014.

Usiniamini mimi, endesha programu yako kwa chaguo la -XX:+PrintCompilation, linalochapisha mstari kila metodi inapokompailiwa, utazame. Namba ya mwanzo wa mstari ni milisekunde tangu JVM iwake. Ngazi 3 ni C1 yenye vihesabio, 4 ni C2. Ukiona alama ya %, lupu ilibadilishiwa msimbo ikiwa bado inazunguka. Mstari ninaoupenda zaidi ni ule wenye "made not entrant". Kwenye ngazi 3 mara nyingi ni msimbo wa C1 uliopisha wa C2, lakini kwenye ngazi 4 mara nyingi maana yake C2 ilibahatisha, kwa mfano kwamba kiolesura (interface) fulani kina darasa moja tu, kisha darasa la pili likapakiwa. Msimbo ule hautumiki tena, metodi inarudi kwa mkalimani, safari inaanza upya. Ndiyo maana seva iliyotulia huweza kushtuka ghafla kidogo, bila mtu kugusa kitu.

Kwa hiyo tumia JMH, zana ya kupimia kasi ya msimbo wa Java, ambayo huipasha metodi moto kwa kuiita mara nyingi kabla ya kupima. Na jibu la metodi lazima litumike mahali: C2 ikiona halina mtumiaji, inaweza kuifuta hesabu nzima, nawe ukashangilia kasi ya kazi isiyofanyika.

Halafu andika metodi fupi. HotSpot, JVM yenye C1 na C2 hizo, kwa mipangilio yake ya kawaida, haikompaili kabisa metodi inayozidi baiti 8000 za baitikodi. Utakutana nazo zaidi kwenye msimbo uliozalishwa na zana, na hapo ni kuzikata vipande tu.